Mzigo Umefika, Lakini Si Wangu

Ndugu msikilizaji, na wewe pia unayetusoma gazetini, leo tuzungumze habari za kununua vitu kwa simu. Sina maana ya kununua simu yenyewe. Nina maana ya kukaa nyumbani kwako hapa Lushoto, ukatazama picha ya koti lililoko Kariakoo, ukatuma fedha kwa kidole gumba, kisha ukakaa kulisubiri basi.

Zamani mtu wa Mlalo au Bumbuli aliyetaka kitu kisichopatikana gulioni alimvizia jirani anayeshuka Dar es Salaam na lori la kabichi, akampa fedha na kumwagiza. Jirani akirudi mikono mitupu, shauri lilipelekwa kwa wazee na likaisha jioni ileile, maana mdai na mdaiwa walichota maji mto mmoja. Siku hizi tunayemwagiza ni mtu tusiyemjua hata kwa sura, na wazee wetu hawana pa kumwita. Ndiyo sababu magomvi ya mizigo yamekuwa mengi, na ujumbe mnaoniletea kuhusu jambo hili umejaa hasira.

Nitaanza na hasira yangu mwenyewe.

Juni 2023 baridi ilikuwa kali, ukungu haukuondoka mpaka saa tano. Nikamwagiza dada mmoja wa Kariakoo koti zito la bluu, la shilingi 65,000. Nilituma fedha jioni, na kesho yake akaniambia mzigo umepanda basi linalokwenda Arusha, nitaupokea Mombo. Nikashuka Mombo, nikapewa kifurushi chenye jina langu, nikapanda nacho gari la Soni na kufika nyumbani usiku. Kufungua, ndani mna gauni jekundu la mtoto wa miaka mitatu.

Nikapiga simu saa tatu na nusu usiku. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Damu ikachemka. Nikaenda kwenye ukurasa wake wa biashara na chini ya picha ya koti lilelile nikaandika kwa herufi kubwa: MWIZI HUYU, MSIMTUMIE FEDHA. Haikupita nusu saa, watu ambao hawajawahi kununua hata kitambaa cha mkono kwake walikuwa wameongeza ya kwao.

Asubuhi simu yangu ikaita. Ni yule dada. "Kaka, koti lako liko Soni." Kumbe Mombo palikuwa na vifurushi viwili vyenye jina moja la kwanza. Changu kilichukuliwa na mama mmoja wa Soni, chake nikachukua mimi. Mama yule alipofungua akakuta koti la mwanamume, akasoma namba ya mtumaji iliyoandikwa juu na kumpigia asubuhi kwa utaratibu. Na usiku ule dada hakuwa amenikimbia. Simu ya biashara huizima akifunga duka.

Nilifuta maneno yangu upesi, nikamwomba radhi. Lakini wateja wawili walikwisha kuvunja maagizo yao, na maji yakimwagika hayazoleki. Dada aliniambia neno moja tu: "Kaka, ungenisubiri kuche." Mimi mwenye diploma ya uandishi wa habari, ninayewafundisha vijana kusikiliza pande mbili kabla ya kuandika, nilishindwa kuisubiri asubuhi.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba mzigo unaotumwa hupita katika mikono mitatu: ya muuzaji, ya msafirishaji na ya mnunuzi. Kila ugomvi una swali lake la kwanza: kosa limetokea mkononi mwa nani? Ukijibu swali hilo kabla ya kufungua mdomo, nusu ya ugomvi imekwisha.

Tuanze na mkono wa muuzaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Picha na maneno yaliyo chini yake ndiyo maelezo. Ukiambiwa koti ni la sufi, likaja la nailoni, hukuletewa ulichonunua. Sheria hiyo hiyo inakupa nafasi ya kukagua kitu ambacho hukukiona kabla, ndipo uhesabiwe kuwa umekikubali. Yale maneno ya kwenye risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayampi muuzaji ruhusa ya kukuuzia mbuzi kwenye gunia, ukafungua ukakuta paka.

Aidha, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hiyo aoneshe jina lake kamili, mahali alipo na namna ya kumpata. Inamtaka pia atimize agizo ndani ya siku 30, isipokuwa kama mmepatana muda mwingine. Kwa hiyo muuzaji anayekataa kusema duka lake liko mtaa gani amekwisha kukupa onyo. Usimpe fedha.

Mkono wa pili ni wa msafirishaji, na hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Kwa kawaida ya sheria ya mauzo, muuzaji akishakabidhi mzigo kwa msafirishaji ili akuletee, huhesabiwa kuwa amekukabidhi wewe mwenyewe, isipokuwa mkipatana vinginevyo. Maana yake, mzigo ukipotea kati ya Dar es Salaam na Mombo, muuzaji aliyeukabidhi vizuri anaweza kukuambia kwamba dai lako liko kwa basi. Lakini naye anatakiwa awe amefanya mapatano ya maana na msafirishaji. Aliyemtupia kondakta mfuko dirishani bila risiti wala jina hawezi kujificha nyuma ya kanuni hii.

Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji: "Mzigo ukipotea au ukiharibika njiani, hasara ni ya nani?" Akijibu kwamba ni yake mpaka uupokee, hayo ndiyo mapatano yenu. Kisha mwombe picha tatu: ya bidhaa kabla haijafungwa, ya kifurushi chenye majina yako mawili na namba ya simu, na ya risiti ya ofisi ya basi. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Picha hizo zinamlinda na yeye pia.

Kwa wale wasiojua, kusafirisha vifurushi vya watu ni huduma inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Basi linalofanya kazi hiyo linatakiwa kuwa na leseni yake. Mzigo ukipotea, anza katika ofisi ya basi ukiwa na risiti na andika malalamiko kwa maandishi. Wasipokujibu, TCRA ndiko kwa kwenda.

Mkono wa tatu ni wako wewe, na mimi mkono huo ndio ulioniponza. Nilisoma jina la kwanza nikaridhika. Ukifika stendi linganisha majina yote, tarakimu za simu na namba ya risiti. Fungua kifurushi palepale mbele ya karani. Na kama utafungulia nyumbani, mwambie kijana apige picha za video tangu kamba haijakatwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi ni simu yako, mradi usifute mazungumzo.

Sasa mtaniuliza, je, wale matapeli wa kweli? Wapo, tena wengi. Huchukua picha za duka la mtu mwingine, huweka bei inayokufanya ushindwe kulala, hukuharakisha kwamba kimebaki kimoja, na ukishatuma hukufungia namba. Kwao huna ugomvi wa mzigo, maana mzigo haukuwahi kuwapo. Hapo ni wizi, na dawa yake ni mwendo. Piga huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia mara moja, kwa sababu fedha ambayo haijatolewa inaweza kuzuiwa, lakini ikishatolewa kwa wakala imekwenda. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa ajili hiyo. Kisha nenda polisi ukafungue jalada na upewe namba ya RB. Na kabla ya yote hayo, pale simu inapokuonesha jina la mpokeaji kabla hujaingiza namba ya siri, lisome. Ukiambiwa duka ni la Mama Fulani na jina linalotokea ni la kijana mwingine kabisa, acha.

Kwa muuzaji anayepatikana lakini hataki kurekebisha, fuata ngazi. Kwanza mwandikie kwa adabu: nini uliagiza, lini, shilingi ngapi, nini kimefika, unataka nini, na kwa siku ngapi. Pili, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. Tatu, Mahakama ya Mwanzo hupokea madai madogo ya fedha, na mdai anaweza kujisimamia bila wakili. Najua mtu hatafunga safari ya mahakamani kwa ajili ya kandambili. Lakini barua nzuri ya kwanza, inayoonesha kwamba unazijua ngazi zinazofuata, mara nyingi hutosha.

Wenzetu wa nchi nyingine walikutana na shida hii mapema. Huko China, kampuni ya Alibaba ilitengeneza utaratibu wa Alipay mwaka 2004: fedha ya mnunuzi hushikwa na mtu wa kati mpaka mzigo ufike. Wale mnaoagiza nje kwa utaratibu wa namna hiyo, angalieni sana. Msibonyeze kwamba mmepokea kabla hamjafungua, na msiuache muda wa kulalamika ukapita. Na kama mzigo wa nje umetumwa kwa posta ukapotea, ulizeni posta mapema, maana muda wa kufungua ulizo ni miezi 6 tangu siku ulipotumwa. Sisi biashara yetu kubwa ni ya ana kwa ana kupitia simu. Jumia, iliyokuwa soko kubwa la aina hii nchini, ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019. Hivyo kwa wengi wetu hakuna mtu wa kati wa kushika fedha. Kinachoshikilia biashara ni neno la mteja aliyetangulia.

Na hilo ndilo linalonirudisha kwenye yale maneno yangu ya herufi kubwa. Soko la eBay la Marekani, lililoanza mwaka 1995, liliweka mwaka 1996 utaratibu wa mnunuzi na muuzaji kuandikiana sifa. Baada ya muda ilionekana wanunuzi wanaogopa kusema ukweli, kwa kuwa muuzaji aliyelaumiwa alilipiza kwa kumchafua mnunuzi. Mwaka 2008 eBay ikawazuia wauzaji kuwaandikia wanunuzi sifa mbaya. Yaani hata huko waliona kwamba ushuhuda ukigeuzwa fimbo, haumsaidii mtu anayekuja nyuma kuchagua duka.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine ya kuchunga kalamu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilifanya kuwa kosa kuchapisha habari unayoijua kuwa ni ya uongo kwa nia ya kumkashifu mtu, na ilipotungwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Je, basi tunyamaze? La hasha. Ukinyamaza, mwenzako wa Mtae ataumwa na nyoka yuleyule. Sema, lakini sema ulichokiona. "Mwizi huyu" ni hukumu, na mimi sikuwa hakimu. Ningeandika hivi: "Niliagiza koti la bluu tarehe 12, nimepokea gauni la mtoto tarehe 14, nimepiga simu mara mbili usiku huu sijampata." Maneno hayo yangebaki kweli hata asubuhi baada ya kujua yaliyotokea. Na tatizo likimalizika, rudi uandike kwamba limemalizika. Wengi tunasahau hili. Lawama tunaiacha hadharani, shukrani tunaisema pembeni.

Kumbuka pia kwamba sisi wenyewe ni wauzaji. Yupo kijana wa hapa anayetuma matunda na asali kwa wateja wa Dar es Salaam ambao hajawahi kuwaona. Mapeasi yakifika yamepondeka kwa kona za mlima wa Soni, atapenda mteja ampigie kwanza au amtangaze kwanza? Jibu atakalolitaka yeye ndilo tunalowadai wengine.

Koti langu ninalo, na baridi ya mwaka huu limenifaa. Yule dada bado ananiuzia, ila kila akituma mzigo huandika jina langu lote, mpaka la babu. Hadi wiki ijayo, kwaherini.