Je, Wajua? Vichekesho Vilivyonuniwa Siku ya Kwanza

Je, wajua kwamba Seinfeld, kipindi ambacho Wamarekani wapatao milioni 76 walikaa kutazama sehemu yake ya mwisho tarehe 14 Mei 1998, kilipewa alama ya "dhaifu" kabla hakijarushwa hata mara moja? Mwaka 1989 kituo cha NBC kiliwaonyesha watazamaji wa kawaida sehemu ya majaribio, kisha kikawauliza wameonaje. Majibu yalivunja moyo. Mhusika mkuu hana nguvu, wenzake hawavutii, na hakuna kundi lolote la watazamaji lililokuwa na hamu ya kukiona tena. Wengine walilalamika kwamba hakuna cha kusisimua katika wanaume wawili kwenda kufua nguo.

Sehemu hiyo ilirushwa tarehe 5 Julai 1989, na hapo ingekuwa mwisho wake. Aliyeiokoa ni Rick Ludwin, mkuu wa idara ya NBC ya vipindi vya usiku wa manane na vipindi maalumu, mtu ambaye tamthilia za vichekesho hazikuwa hata kazi yake. Alikata kipindi kimoja maalumu cha mchekeshaji Bob Hope, akachukua fedha hizo na kuagiza sehemu nne. Nne tu! Kituo kinapokuwa na imani na kipindi, huagiza nyingi zaidi ya hizo.

Na je, wajua kwamba waliokinunia Seinfeld hawakumwona kabisa Elaine, mmoja wa wahusika wake wakuu? Hakuwemo katika sehemu ile ya majaribio. Mhusika Kramer naye alikuwa akiitwa Kessler. Kwa hiyo tusiwalaumu sana wale watu wa 1989: walichoonyeshwa hakikuwa bado kile ambacho dunia ilikuja kukipenda. Walisema kweli kuhusu walivyojisikia usiku ule. Kosa lilikuwa la yeyote aliyetaka kugeuza hisia ya nusu saa kuwa utabiri wa miaka tisa.

Wajua kwamba Cheers, hadithi ya baa moja ya Boston, ilishika nafasi ya 74 kati ya vipindi 77 katika wiki yake ya kwanza, mwaka 1982? NBC wakati huo ilikuwa nyuma ya wapinzani wake na haikuwa na cha maana cha kuweka mahali pake, hivyo baa ikaachwa wazi. Ilidumu misimu 11. Mwanzoni mwa 1993 Seinfeld ilihamishiwa Alhamisi usiku, nyuma ya Cheers, na hapo ndipo watazamaji wake walipoongezeka kwa kishindo. Kipindi kilichovumiliwa kikakibeba kingine kilichovumiliwa.

Wajua kwamba mwaka 1974 msomaji wa miswada wa BBC aliandika kwamba Fawlty Towers, hadithi ya mwenye hoteli asiyewavumilia wageni wake, ni balaa tupu na imejaa wahusika waliokwisha kuchosha? Shirika lilikitengeneza kipindi hicho hata hivyo, kikarushwa kuanzia Septemba 1975. Zilitengenezwa sehemu 12 tu kwa jumla, na mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilipotoa orodha ya vipindi 100 bora vya televisheni nchini humo, Fawlty Towers kilikuwa juu kabisa.

Msomaji yule wa miswada namwelewa. Ukurasa hauna sauti ya John Cleese, aliyemwigiza mwenye hoteli, wala ile miguu yake mirefu. Kichekesho kwenye karatasi ni kitu kigumu mno kupima.

Je, wajua kwamba kituo cha Marekani cha CBS kiliweka wapokea simu wa ziada usiku wa 12 Januari 1971, kikisubiri matusi? Usiku huo kilianza kurushwa All in the Family, habari za Archie Bunker, baba wa nyumba mwenye chuki za rangi na mdomo usio na breki. ABC ilikuwa imekwisha kukikataa kipindi hicho mara mbili. CBS ilitanguliza tangazo la kuwaandaa watazamaji, ikajiandaa kwa dhoruba, na dhoruba haikuja. Kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi kwa biashara: watu wachache tu walitazama. Marudio ya kiangazi na tuzo za Emmy ndivyo vilivyowaleta, na kuanzia msimu uliofuata kikawa cha kwanza Marekani kwa miaka mitano mfululizo. Watu walihitaji muda wa kugundua kwamba kicheko kilikuwa kikimwelekea Archie mwenyewe, ingawa wapo waliomshangilia kwa dhati mpaka mwisho. Hilo nalo ni fundisho gumu kwa kila mwandishi wa vichekesho: hadhira moja, kicheko kimoja, sababu mbili zinazopingana.

Wajua kwamba vicheko unavyovisikia katika tamthilia nyingi za zamani vilitoka kwenye sanduku? Fundi sauti Charley Douglass alilitengeneza katika miaka ya 1950: mashine yenye vicheko vilivyorekodiwa, unabonyeza hapa wanacheka kidogo, unabonyeza pale wanaangua. Vituo viliogopa kwamba mtazamaji aliye peke yake sebuleni hatajua kama ameruhusiwa kucheka. Watengenezaji wa M*A*S*H, kilichoanza 1972 na kuhusu madaktari wa jeshi katika vita vya Korea, walivipinga vicheko hivyo. Wakakubaliana na CBS jambo moja: katika chumba cha upasuaji, hakuna kicheko. Uingereza, BBC ilikirusha bila vicheko kabisa. Mtu akiona sehemu ileile kwa namna hizo mbili, ni kama ameona kazi mbili: moja ya masihara, nyingine ya huzuni yenye masihara ndani yake. Nani basi atasema maoni ya kwanza ya watazamaji yalihusu hadithi peke yake?

Msimu wa kwanza M*A*S*H kilikuwa cha 46. Sehemu ya mwisho, 28 Februari 1983, ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 100.

Wajua kwamba si kila kipindi kilichonuniwa kilistahili subira? Tarehe 30 Septemba 1990 kituo cha setilaiti cha Galaxy, Uingereza, kilirusha Heil Honey I'm Home!, kilichomfanya Hitler mume wa mtaani anayegombana na majirani zake Wayahudi. Kilirushwa mara moja tu. Sehemu nyingine zilikuwa zimekwisha kurekodiwa, zikafungiwa. Hapo watazamaji walihisi sawasawa.

Nasi huku je? Wajua kwamba Mind Your Language, darasa la Kiingereza la Bwana Brown ambalo wengi wetu Afrika Mashariki tulilikariri, kilisimamishwa Uingereza mwaka 1979 kwa sababu mkuu mmoja wa kituo kilichokitengeneza, Michael Grade, aliona kinawadhihaki wageni? Huko aibu, huku sebule zimejaa. Hoja ya Grade ilikuwa ya haki, na wanafunzi wale wa kigeni kweli walichorwa kwa brashi nene. Lakini sisi tuliojifunza Kiingereza darasani tulijiona mle, tukacheka kutoka upande wa madawati.

Kenya nayo ina ushahidi wake kwamba vichekesho hudumu. Mzee Ojwang', aliyeigizwa na Benson Wanjau katika kipindi cha Vitimbi, na Mama Kayai wake, Mary Khavere, walizeeka pamoja na watazamaji wao. Wanjau alipofariki mwaka 2015, watu waliomboleza kama waliofiwa na mzee wa nyumbani.

Wajua kwamba The Office ya Marekani ilianza Machi 2005 kwa watazamaji zaidi ya milioni 11, na wiki ya pili karibu nusu yao walikuwa wametoweka? Sehemu ya kwanza ilifuata mswada wa kipindi asilia cha Waingereza karibu neno kwa neno, na bosi Michael Scott alikuwa mkali asiye na joto. Msimu wa pili waandishi walimlainisha. Mwaka 2020 Wamarekani walikitazama kwa mtandao dakika zaidi ya bilioni 57.

Na The Big Bang Theory? Sehemu yake ya majaribio ilipigwa picha mara mbili. Ile ya 2006 ilikuwa na mwanamke mkali aitwaye Katie; watazamaji hawakumpenda, wakahofia atawaumiza wahusika wakuu, vijana wawili wanafizikia. CBS ikawarudisha watengenezaji kazini. Katie akaondolewa, akaja Penny, jirani wa mlango wa mkabala, na kipindi kikaanza upya Septemba 2007. Kilikwenda sehemu 279.