Nyimbo zikitoweka kwenye seva ya nyumbani, diski ikaguliwe kwanza

WENYE seva za muziki nyumbani wanaokuta orodha ya nyimbo ikiwa tupu hawana sababu ya kuharakisha kufuta chochote, kwani mara nyingi faili zenyewe huwa salama.

Hali hiyo huweza kuwapata watumiaji wa Lyrion Music Server, programu inayosambaza muziki kutoka kompyuta moja hadi vyumba mbalimbali. Asili yake ni kampuni ya Slim Devices ya Marekani, iliyonunuliwa na Logitech mwaka 2006. Logitech ilisitisha vifaa vya Squeezebox mwaka 2012, na sasa programu inaendelezwa na watu wa kujitolea. Hivyo, mwenye seva hana budi kuchunguza tatizo mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni kufungua ukurasa wa seva kwa kuandika kwenye kivinjari anwani yake pamoja na poti namba 9000. Ukifunguka bila nyimbo, huenda diski imechomoka, folda imehamishwa, au programu haina ruhusa ya kuisoma.

Nyimbo zikionekana lakini vifaa vya kuchezea havionekani, ikaguliwe programu ya ulinzi ya kompyuta. Vifaa hivyo huhitaji poti namba 3483, kwa itifaki za TCP na UDP.

Kufuta orodha na kuijenga upya kuwe hatua ya mwisho. Kazi hiyo haigusi faili za muziki; lakini ikifanywa wakati diski haijaunganishwa, orodha itabaki tupu.