Seva Ndogo ya Duka: Stima Ikipotea, Hesabu Zibaki

Una duka Kisumu Ndogo hapa Malindi? Jiulize: kompyuta ya kaunta ikiungua leo jioni, kesho asubuhi utajua nani ana deni lako na ni kiasi gani? Malipo yaliyopita kwenye till utayapata kwenye taarifa yako. Lakini madeni, stoki na mauzo ya pesa taslimu viko kwenye ile kompyuta pekee. Hapo ndipo seva inaposaidia.

Seva ni nini?

Ni kompyuta moja inayotunza mafaili ya biashara nzima. Ile ya kaunta na ile ya stoo zinasoma na kuandika humo kupitia rauta ya dukani. Sio lazima iwe mashine kubwa. Kompyuta ya mezani iliyotumika lakini bado nzima, yenye mfumo wa Linux usiolipiwa, inatosha duka dogo. Iunganishe na rauta kwa waya, maana Wi-Fi huyumba.

Raha yake ni kwamba haitegemei intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, intaneti ikawa hoi Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, mwenye seva dukani bado anafungua hesabu zake kama kawaida.

Stima, joto na chumvi

Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Seva ikizimika ghafla, faili lililokuwa likiandikwa laweza kuharibika. Nunua UPS. Haitakuvusha usiku kucha, ila itakupa dakika za kuizima vizuri. Betri yake huchoka, na joto letu huiharakisha, kwa hivyo ijaribu mara kwa mara.

Upepo wa bahari nao una chumvi inayokula chuma. Usiiweke seva karibu na dirisha wala sakafuni, na ipanguse vumbi kila mwezi.

Nakala ndiyo roho

Wengine huweka diski mbili zinazoandika sawasawa, wakadhani wamemaliza. Diski moja ikifa, kweli utaokoka. Lakini mfanyakazi akifuta faili la madeni kwa bahati mbaya, linafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Shika kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya duka.

Ratiba rahisi:

- Kila Jumamosi: nakili mafaili kwenye diski ya nje, ichomoe, nenda nayo nyumbani.
- Siku hiyo hiyo: pakua taarifa ya till, ilinganishe na mauzo uliyoandika.
- Kila mwezi: sasisha programu, kisha fungua faili moja kutoka kwenye nakala. Nakala usiyowahi kuijaribu ni matumaini tu.

Funga mlango

Kila mfanyakazi awe na nywila yake. Namba za simu za wateja zilinde, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata wewe. Na PIN yako usiiandike popote kwenye seva. Hakuna mhudumu wetu atakayekuomba.

Akiba haiozi, na nakala ni akiba. Anza Jumamosi hii na diski moja ya nje. Seva itafuata.