Chawa wa kichwani si aibu, lakini mafuta ya taa ni hatari

Mwezi huu tuongee jambo ambalo wengi wanalificha. Mtoto anajikuna darasani, wenzake wanamcheka, mama anaona haya, anakimbilia mafuta ya taa. Hapana! Mafuta ya taa yanachoma ngozi na macho, na karibu na moto wa kupikia kichwa cha mtoto kinaweza kuwaka. Dawa ya wadudu wa shambani nayo ni sumu.

Je, kwa nini Burundi chawa anaogopwa?

Wakati wa vita ulizuka ugonjwa uitwao sutama, yaani homa ya chawa. Ulionekana katika gereza la Ngozi mwaka 1995, ukaingia katika kambi za waliokimbia makwao. Mwaka 1997 walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 45,000. Baridi ya milimani, watu kubanana, nguo moja isiyofuliwa: chawa walipata nyumba.

Lakini sikieni vizuri: chawa wa sutama ni yule wa nguoni, anayetaga mayai kwenye mishono. Huyo anaondolewa kwa kubadili nguo na kuzifua kwa maji ya moto sana, pamoja na blanketi. Mwenye chawa wa nguoni akipata homa kali na kichwa kumuuma sana, apelekwe kituo cha afya upesi. Dawa ipo, na inaponya.

Chawa wa kichwani anasumbua tu, haleti sutama. Haruki wala hana mabawa. Anapita kichwa kwa kichwa, watoto wakicheza au wakilala pamoja. Hata kichwa kisafi anaingia.

Tufanye nini?

- Lowesha nywele, paka sabuni au mafuta ya kupaka, chana kwa kitana chenye meno membamba sana, kuanzia kwenye ngozi.
- Rudia kila baada ya siku 3 au 4, kwa wiki 2, maana mayai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10.
- Kunyoa kunasaidia, lakini wembe mmoja usipite vichwa viwili.
- Angalieni vichwa vya nyumba nzima siku hiyohiyo.
- Kitana na kitambaa cha kichwa, kila mtu na chake.

Mtoto asikatazwe shule kwa sababu ya chawa. Chawa ataondoka kwa wiki mbili. Masomo yaliyopotea hayarudi hivihivi.