Je, Wajua? Likizo ya Ziwani Malawi Huanza kwa Kuuliza Upepo

Je, wajua kuwa miezi inayopendwa na wageni Malawi ndiyo miezi ambayo ziwa huchafuka? Masika yao huanza Novemba na kwisha Aprili. Kuanzia Mei anga hutakata na barabara hukauka. Lakini kati ya Mei na Agosti huvuma mwera, upepo wa kusini-mashariki. Ziwa lina urefu wa kilomita 580 hivi, kusini hadi kaskazini, basi mawimbi hupata masafa marefu ya kukua. Anayetaka kupanda mashua ni heri angoje Septemba au Oktoba, avumilie joto.

Ziwa ni hilihili la Kyela na Mbamba Bay. Mtanzania huvuka mto Songwe pale Kasumulu, akashika njia ya Karonga.

Na Likoma je? Ni kisiwa cha Malawi kilichozungukwa pande zote na maji ya Msumbiji. Wamisionari wa Kianglikana walifanya makao yao hapo miaka ya 1880, na Waingereza na Wareno walipogawana mipaka, kisiwa kikabaki kwa Waingereza. Kanisa kuu lao la mawe lilianza kujengwa mwaka 1903, na bado watu wanasali humo. Kwangu, hilo pekee latosha kumfikisha mtu huko. Meli ya Ilala, iliyotengenezwa Glasgow na kusafirishwa vipande vipande, ilianza kazi ziwani mwaka 1951. Ratiba yake hubadilika, hivyo ulizia bandarini kabla ya kulipia chumba.

Chini ya maji, miambani, wanaishi mbuna, samaki wadogo wa rangi za kuvutia. Jike hubeba mayai mdomoni hadi vifaranga watoke. Wengi wao hawapatikani kwingine duniani, na hifadhi ya Cape Maclear iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1984. Ukiona wingu jeusi likipanda ziwani kama moshi, ni visubi. Wenyeji huwakusanya na kuwakanda kuwa mikate ya kitoweo.

Jambo moja usilipuuze: kichocho. Konokono wanaokieneza hupenda maji tulivu yenye majani. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, si michanga, kwa hiyo kuimeza siku ileile uliyoogelea hakusaidii. Nenda hospitali wiki 6 hadi 8 baada ya kuogelea, ukapimwe hata kama hujisikii kuumwa.