Digrii ya miezi 20, ni changa la macho?

Wadau, nimeulizwa sana kuhusu vyuo vya Marekani vinavyotoa digrii ya muziki, filamu au gemu chini ya miaka miwili. Je, ni utapeli? Si lazima.

Chukulia Full Sail, kilichopo Winter Park, Florida. Kilianza 1979 huko Dayton, Ohio, kikifundisha kurekodi muziki, na sasa ni chuo kikuu. Digrii ya kwanza inaweza kuchukua miezi 20 hivi badala ya miaka 4. Siri yenyewe ni kwamba hakuna likizo ndefu. Somo linakwenda wiki 4, likiisha unaingia jingine, na vipindi vya studio vinaweza kuangukia usiku. Ukiugua wiki moja tu, robo ya somo imekupita!

Kwa hiyo kilichobanwa ni muda, sio kazi. Na hiki ni chuo cha biashara. Masomo yanaisha haraka, mkopo hauishi haraka.

Ushauri wangu, kabla hujalipa uliza: nitashika mitambo mwenyewe saa ngapi? Waliomaliza wako wapi? TCU wataitambua digrii hiyo nikirudi Bongo?

Mnasemaje wadau?