Mtelezo wa konveta unavyopotosha vipimo vya nguvu za magari yenye tabo

WENYE magari ya tabo yanayotumia giaboksi za otomatiki hushangazwa mara kwa mara na karatasi wanayokabidhiwa baada ya magari yao kupimwa nguvu. Injini ambayo kiwanda kiliitangaza kuwa na nguvu farasi 220 huenda ikaonyesha 170, ilhali nyingine ambayo haijaguswa hata kwa spana huonekana ikizungusha magurudumu kwa nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani.

Katika hali zote mbili mwenye gari huharakishwa kufikia uamuzi wa gharama kubwa. Wa kwanza huambiwa injini imechoka au giaboksi imeharibika. Wa pili huuziwa gari kwa bei ya juu kwa sababu ya mchoro aliooneshwa. Mara nyingi kosa haliko katika injini wala giaboksi, bali katika kipimo chenyewe, ambacho hakikuzingatia kifaa kinachokaa baina ya viungo hivyo viwili.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika nyanda za juu za Gusii. Kuanzia Daraja Mbili, soko maarufu la wazi mjini Kisii, hadi Nyamira na Keroka, barabara hupanda na kushuka vilima bila kupumzika. Gari la otomatiki lililopakia ndizi na abiria hupandishwa milima hiyo huku injini ikinguruma na kasi ikisuasua, na dereva asiye na ujuzi hushindwa kutofautisha mtelezo wa kawaida na ugonjwa.

Kifaa kinachozungumziwa ni kile ambacho makanika hukiita konveta. Katika gari la gia za mkono, klachi huunganisha injini na giaboksi kwa msuguano wa bamba. Katika gari la otomatiki, kazi hiyo hufanywa na oili.

Mfano wa karibu ni mabakuli mawili yanayotazamana ndani ya chombo kilichojaa oili, kila moja likiwa na mapanga ndani yake. Bakuli moja huzungushwa na injini na kuirusha oili kwenye bakuli la pili, nalo husukumwa na kuizungusha giaboksi. Kati yao hukaa gurudumu dogo liitwalo stata, ambalo huigeuza oili inaporudi ili isaidie mzunguko badala ya kuupinga. Hati ya ubunifu huo ilisajiliwa mwaka 1905 na mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekuwa akitafuta njia ya kuendeshea meli. Katika magari madogo, kampuni ya Buick ya Marekani iliutumia katika giaboksi yake ya Dynaflow mwaka 1948.

Kwa kuwa mabakuli hayagusani, lile la pili haliwezi kulifikia la kwanza kwa kasi. Tofauti hiyo ndiyo mtelezo. Gari likiwa limesimama kwa breki huku gia imeingia, mtelezo ni wa asilimia 100. Likiwa kwenye mwendo mzuri, hushuka hadi asilimia chache. Ndiyo sababu magari mengi ya kisasa yana klachi ndogo ndani ya konveta inayofunga mabakuli hayo pamoja mwendo unapotulia, ili kuokoa mafuta na kupunguza joto.

Mtelezo, basi, si ugonjwa. Kwa injini ya tabo ni rafiki hasa. Tabo haitoi shinikizo la kutosha mpaka injini ifikishe mizunguko fulani, na konveta huiruhusu kufika huko upesi hata kabla gari halijashika mwendo. Aidha, wakati mtelezo ni mkubwa, stata huongeza nguvu ya kuzungusha, kwa kawaida hadi takriban mara mbili gari linapoanza kuondoka. Asiyejua hili atashangaa jinsi gari la otomatiki linavyong'oka mlimani kutoka kusimama.

Shida huanza gari linapowekwa juu ya mtambo wa daino. Mtambo huo ni rola zinazozungushwa na magurudumu ya gari lililofungwa kwa mikanda ili lisitoke. Kompyuta hupima rola zinasukumwa kwa nguvu kiasi gani na zinazunguka kwa kasi gani, kisha huzidisha viwili hivyo ili kupata nguvu inayofika barabarani. Hesabu hiyo ni sahihi hata konveta ikiteleza, kwani rola hazijali kilichotokea nyuma yake.

Lakini mteja hataki nguvu za rola. Anataka kujua injini ilitoa nini, na kwa mizunguko mingapi. Mpimaji asipounganisha waya wa kusoma mizunguko ya injini moja kwa moja, kompyuta hukisia kutokana na kasi ya rola. Uwiano huo hupangwa gari likiendeshwa taratibu, wakati konveta imefungwa au inateleza kidogo mno. Dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho, klachi ya ndani hufunguka, mtelezo hupanda, na uwiano ule hauna maana tena.

Hesabu itaonyesha ukubwa wa upotovu huo. Tuseme injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika ikitoa nyutoni mita 250, na upande wa pili wa konveta unazunguka mara 1,800 tu. Katika hali hiyo konveta yaweza kuongeza nguvu ya kuzungusha kwa kiasi cha mara 1.3, hivyo giaboksi hupokea nyutoni mita 325. Kompyuta inayoamini kwamba hakuna mtelezo itachora, tukiacha kando msuguano wa giaboksi na magurudumu, nyutoni mita 325 kwenye mizunguko 1,800. Injini haijawahi kutoa nguvu hiyo, wala haikuwa kwenye mizunguko hiyo. Michoro ya namna hii ndiyo inayoonyeshwa wanunuzi kama ushahidi kwamba gari ni la moto.

Upande wa juu wa mchoro hali hugeuka. Injini ikizunguka mara 5,000 na konveta ikitoa mizunguko 4,600, mtelezo ni asilimia 8 na stata haiongezi chochote tena. Injini ya nguvu farasi 200 hupoteza hapo nguvu farasi 16. Nguvu hizo hazipotei hewani. Hugeuka kuwa joto ndani ya oili, takriban kilowati 12, sawa na birika sita za umeme za kilowati mbili zikichemka kwa wakati mmoja.

Ndipo inapoeleweka kwa nini anayeongeza shinikizo la tabo hulalamika kwamba hakuona faida aliyoahidiwa. Uwezo wa konveta kubeba mzigo hutegemea kipenyo chake na mizunguko ya injini. Nguvu ya kuzungusha ikiongezwa huku mizunguko ikibaki ileile, mtelezo nao huongezeka, na sehemu ya nguvu mpya huishia kupasha oili moto. Hata klachi ya ndani, iliyotengenezwa kwa kiwango cha kiwandani, yaweza kuzidiwa na kuanza kuteleza.

Hilo la mwisho ni hitilafu ya kweli, na dalili zake hujulikana. Gari likiwa kwenye mwendo wa kutulia, mizunguko hupanda ghafla bila kasi kuongezeka, au gari hutetemeka kama linalopita juu ya barabara yenye makorongo madogo. Oili huwa nyeusi na kunuka kuungua. Kifaa cha kusomea kompyuta ya gari huweza kutoa msimbo P0741, unaoashiria kwamba klachi ya konveta haifungi inavyotakiwa. Katika magari mengi kifaa hicho pia huonyesha mizunguko ya injini na ya giaboksi kwa pamoja, hivyo mtelezo husomwa bila daino yoyote. Kwa gereji ya jua kali, kifaa hicho ni cha manufaa kuliko mchoro wa rola.

Wapo makanika wanaotumia kipimo cha zamani: breki zote hukazwa, gia huingizwa kwenye D, mafuta hukanyagwa hadi mwisho kwa muda usiozidi sekunde tano, na mizunguko ya juu kabisa hulinganishwa na ile ya kitabu. Mizunguko ikizidi, klachi za giaboksi huenda zinateleza au oili imepungua. Ikiwa chini, injini ni dhaifu au stata inazunguka kinyume. Muda huo wa sekunde tano si mzaha, kwa sababu nguvu zote za injini wakati huo hugeuka kuwa joto. Wala mtu hapaswi kusimama mbele ya gari.

Hapa ndipo vilima vya Gusii vinapoingia katika hesabu. Mji wa Kisii uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. Gari ambalo kitabu kinasema lisome mizunguko 2,300 katika kipimo cha breki huenda likasoma takriban 2,100 mjini Kisii bila kuwa na kasoro yoyote. Makanika anayefuata kitabu bila kuwaza mwinuko ataifungua giaboksi nzima.

Kwa injini ya tabo, kosa huwa la upande wa pili. Programu za daino zina kanuni ya kusahihisha matokeo ili yafanane na ya usawa wa bahari. Kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya injini zinazovuta hewa zenyewe, na kwa mwinuko wa Kisii huongeza takriban asilimia 20. Tabo hujaza sehemu kubwa ya hewa iliyokosekana kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, hivyo hasara yake halisi ni ndogo. Mpimaji akiacha kanuni hiyo ifanye kazi yake yote, gari la nguvu farasi 180 hutoka kwenye karatasi likiwa na zaidi ya 210. Kuna wanaofanya hivyo kwa kutojua, na kuna wanaojua vizuri sana.

Kwa Kenya, suala hili linahusu magari mengi yaliyokwisha kuzeeka. Magari ya mitumba yanayozidi miaka minane hayaruhusiwi kuingizwa nchini, hivyo Subaru Forester za tabo za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zenye giaboksi za gia nne, ziliingia zamani na zimepita mikononi mwa watu wengi. Haijulikani kwa urahisi nani alibadilisha oili, au aliongeza shinikizo la tabo kisha akalirudisha kabla ya kuuza.

Kipimo kinachofaa kwa magari hayo huanza na oili ya giaboksi iliyofika joto la kazi, kati ya nyuzi 80 na 95. Gia huzuiwa isishuke yenyewe mafuta yanapokanyagwa, na huchaguliwa ile inayokaribia uwiano wa moja kwa moja. Inapowezekana, klachi ya konveta hufungwa kwa amri ya kompyuta, mradi haizidiwi na nguvu za injini. Mizunguko husomwa kutoka kwenye injini yenyewe. Kati ya jaribio moja na jingine oili huachwa ipoe, la sivyo jaribio la tatu litaonyesha upungufu ambao haukuwepo katika la kwanza.

Karatasi ya matokeo nayo inapaswa kuandikwa mambo matatu: mizunguko ilisomwa wapi, konveta ilikuwa imefungwa au la, na ni kanuni gani ya kusahihisha iliyotumika. Mnunuzi anaweza kuomba pia matokeo ghafi yasiyosahihishwa, ambayo huhifadhiwa na kompyuta ya mtambo. Na kwa kuwa Forester husukumwa na magurudumu manne, haifai kupandishwa kwenye daino yenye rola za ekseli moja. Ekseli iliyobaki sakafuni huweza kulirusha gari mbele, mikanda ikiwepo au isiwepo.